Maksai, unga na mavi ya nyati: walowezi wa Marekani walikula, walipika na kuvaa vipi

Ukitaka kuwaelewa walowezi wa Marekani wa karne ya 19 achana kwanza na bunduki na kofia za kauboi, anza na gari lao. Lilikuwa sanduku la mbao lenye upana wa futi 4 tu na urefu wa futi 10 hadi 12, juu limefunikwa turubai lililopakwa mafuta ya kitani ili lisipitishe mvua, na humo ndani ndio familia nzima inatakiwa ipange chakula cha miezi 5 au 6, matandiko, sufuria, mbegu, majembe, dawa, baruti, na kama mama kang'ang'ania saa ya ukutani aliyoachiwa na mamaake basi na hiyo nayo itafutiwe kona. Mzigo wote ukipita kilo 900 hivi maksai wanaanza kukonda na kufa njiani, na maksai wakifa katikati ya nyika na wewe ndio basi tena.

Mi naona karibu kila kitu kinachotushangaza kuhusu hawa watu kinajibiwa na huo uzito. Kwa nini walikula mkate na bekoni asubuhi, mchana na jioni mpaka wakachukia harufu yake? Uzito. Kwa nini mwanamke alivaa gauni lilelile wiki nzima na zaidi? Uzito. Kwa nini wengi walitembea kwa miguu karibu kilomita 3,200 wakati gari wanalo? Uzito tena, maana mtu mzima akikaa garini ni sawa na gunia la unga limeongezwa, na hata hivyo gari lenyewe halikuwa na springi, ukikaa humo mifupa yote inagongana.

Kabla sijaendelea tutenganishe mambo maana watu huwa wanayachanganya, na filamu ndio zimeharibu kabisa. Kuna maisha matatu tofauti hapa. La kwanza ni la msafara, kuanzia mwaka 1841 kundi la kwanza la familia lilipoondoka na magari kuelekea magharibi, hadi 10 Mei 1869 reli ilipounganishwa pale Promontory, Utah. Hao walikuwa wanapita tu, wanaenda Oregon, California au Utah. La pili ni la wale waliobaki kwenye nyika yenyewe, Kansas, Nebraska na Dakota, wengi wao baada ya sheria ya ardhi ya 1862, wakajenga nyumba za udongo na kulima. La tatu ni la wachunga ng'ombe wa Texas baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe kwisha 1865, hao ndio makauboi, na hao hawatuhusu leo. Nitakaa zaidi kwa wale wa kwanza kwa sababu ndio wana vituko vya jikoni, halafu nitamalizia na wa nyumba za udongo.

Safari ilianzia kwenye miji ya kando ya mto Missouri, Independence ukiwa maarufu zaidi. Mwaka 1843 waliondoka watu kama 1,000 kwa mpigo kwenda Oregon, halafu dhahabu ikagunduliwa California Januari 1848 na kuanzia 1849 njia ikafurika. Mpaka reli inakuja walikuwa wamepita watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 hadi 400,000. Kuondoka kulikuwa na hesabu yake: ukiondoka mapema kabla ya mwisho wa Aprili majani hayajaota, mifugo itakula nini, na ukichelewa theluji inakukuta milimani. Ndio maana kulikuwa na mwamba mmoja huko Wyoming unaitwa Independence Rock, walikuwa wanajitahidi waufikie kabla au kwenye 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, na wakifika wanachonga majina yao, mengine yapo hadi leo. Waliochelewa kwa kufuata njia ya mkato ni kundi la Donner la 1846, watu 87, wakanaswa na theluji kwenye milima ya Sierra Nevada na karibu nusu yao wakafa.

Wanyama wa kukokota walikuwa wa aina tatu na mabishano hayakuisha. Farasi anakwenda haraka ila anataka nafaka, nyumbu ni mvumilivu ila bei yake kali na mkaidi, maksai ni wa taratibu, kilomita 3 kwa saa hivi, siku nzima mnapata kilomita 24 kama hakuna mto wa kuvuka, lakini maksai anakula majani yoyote, ana nguvu, ni wa bei nafuu, na mambo yakiwa mabaya sana analiwa. Wengi wakachagua maksai.

Sasa chakula. Joel Palmer, aliyepita njia hiyo 1845 na kuwaandikia wengine ushauri, alisema kila mtu mzima abebe ratili 200 za unga, yaani kilo 90, biskuti ngumu kilo 13 na ushee, bekoni kilo 34, mchele kilo 4 na nusu, sukari kilo 11, kahawa kilo 2 na kidogo, chai chini ya kilo 1, halafu maharage makavu, matunda yaliyokaushwa, unga wa mahindi, chumvi, magadi ya kuumulia mkate na kakipipa kadogo ka siki. Piga hesabu ya watu wazima wanne uone, chakula peke yake kimeshakaribia kujaza gari na bado hujaweka hata blanketi. Hapo ndipo unaelewa kwa nini hakuna viazi vya kutosha, hakuna nyanya, hakuna mboga mbichi. Kitu chenye maji ndani yake ni mzigo wa bure, na tena kinaoza.

Namna ya kufungasha ilikuwa elimu peke yake. Kapteni Randolph Marcy wa jeshi, aliyezunguka nyika miaka mingi, mwaka 1859 alielekeza unga uwekwe kwenye mifuko imara ya turubai ya tabaka mbili iliyoshonwa vizuri, ratili 100 kila mfuko, na bekoni ikienda sehemu za joto kali iwekwe kwenye masanduku na kuzungushiwa pumba ili mafuta yasiyeyuke yakaisha. Pumba ileile baadaye unawapa mifugo. Mayai wengine waliyafukia ndani ya unga wa mahindi, yakiliwa yamekwisha unga nao unapikwa, hakuna kitu kilichobeba kitu bila chenyewe kuwa na kazi. Ng'ombe wa maziwa alifungwa nyuma ya gari anatembea, anakamuliwa asubuhi, wanakunywa, krimu inayobaki inatiwa kwenye ndoo yenye mfuniko na kuning'inizwa chini ya gari, na kwa jinsi gari linavyoruka mashimo siku nzima jioni ukifungua unakuta siagi imeshajitengeneza. Hii napenda sana, ni sehemu chache ambapo ile barabara mbovu ilimfanyia mama kazi badala ya kumwongezea.

Kupika ndio palikuwa na kasheshe. Mwanamke ambaye kwao Ohio au Illinois alikuwa na jiko la chuma na kuni za mti mgumu, sasa anapika ameinama chini, upepo unavuma, mvua inaweza ikashuka wakati wowote, na wenzake wana haraka ya kuondoka. Siku ilianza saa 10 alfajiri, moto, kahawa, mkate, bekoni, vyombo vioshwe, matandiko yakunjwe, na saa 1 asubuhi magari yanaondoka. Mchana walisimama maksai wapumzike, chakula cha mchana mara nyingi ni kiporo cha asubuhi, maharage ya baridi na mkate, hakuna kuwasha moto. Jioni ndio mlo wenyewe. Wanaume walikuwa na kazi ngumu za mchana, kuendesha maksai, kuvusha magari mtoni, kulinda mifugo usiku, ila wakishafungua nira jioni wengi walikaa kupumzika na kuvuta tumbaku, wakati mama ndio kwanza shifti yake ya pili inaanza. Shajara nyingi za wanawake wa safari hiyo zinalalamika jambo hilo, wengine kwa utani, wengine hawatanii hata kidogo.

Moto uliwashwa ndani ya kimtaro kilichochimbwa kwenye ardhi ili upepo usiupeperushe, juu unaweka sufuria. Chombo kikuu kilikuwa chungu cha chuma kizito chenye miguu mitatu mifupi na mfuniko wenye ukingo uliosimama, unaweka kinyunya ndani, unakiweka juu ya makaa, halafu unapakia makaa mengine juu ya mfuniko. Ukishawahi kupalia wali au keki ya mkaa unaijua hiyo kazi bila kuelezwa, tofauti tu ni kwamba ule ukingo unazuia makaa yasidondoke ukifunua kuangalia. Mkate ukitoka chini umeungua katikati mbichi, basi ndio huohuo mtakula, hakuna duka.

Na makaa yenyewe yanatoka wapi? Ukishaingia bonde la mto Platte huko Nebraska miti imekwisha. Ni majani mpaka upeo wa macho. Kilichokuwepo ni mavi makavu ya nyati wa Marekani, yametapakaa kila mahali, mepesi, yamekaushwa na jua, na yanawaka vizuri bila harufu ya maana, ila yanaisha haraka kwa hiyo mlo mmoja unataka lundo zima. Wanawake na watoto walitembea pembeni ya magari mchana kutwa wakiokota na kujaza kwenye aproni na magunia. Mwanzoni wengi walikuwa wanayashika kwa ncha za vidole wamekunja sura, baada ya wiki kadhaa wanayakusanya kama kuni za kawaida, na mvua ikinyesha kwa siku mbili mfululizo hayawaki, watu wanalala na biskuti na maji. Narcissa Whitman, mmishonari aliyevuka mwaka 1836 kabla hata ya hiyo misafara mikubwa, aliwaandikia nyumbani kwamba wanapikia mavi ya nyati na akatabiri mdogo wake Harriet akisikia atakunja uso. Yeye mwenyewe nyama ya nyati ilimpendeza kweli.

Maji nayo. Mto Platte ulikuwa tope tupu, maji unayachota jioni unayaacha kwenye ndoo yatuame, wengine wananyunyiza unga wa mahindi ili taka zishuke chini. Mbele zaidi kulikuwa na madimbwi ya maji ya magadi makali, mifugo ikiyanywa inakufa. Hapo ndipo kahawa ilipokuwa mfalme. Walibeba buni mbichi, wanaikaanga wenyewe kwenye kikaango, wanaisaga kwa kinu kidogo cha mkono, na kila mtu anakunywa, wengine hata watoto, kwa sababu inaficha ladha ya maji. Kumbe kuna faida ambayo wakati ule hawakuijua, maji yamechemshwa. Mtu aliyekunywa kahawa siku nzima alikuwa salama kuliko yule aliyechota kwenye kisima kifupi kilichochimbwa mita chache kutoka choo cha kambi ya jana.

Maana muuaji mkubwa wa njia ile alikuwa kipindupindu. Kilipanda na meli za mto Mississippi na Missouri, na miaka ya 1849 hadi 1852 hivi kilipiga misafara vibaya mno, mtu anaamka mzima, mchana anatapika na kuharisha, jioni anazikwa, na gari linaendelea maana msafara haungoji. Watu walifikiri ni hewa mbaya au ni kula maharage. Ukiacha magonjwa waliofuata kwa kuua ni ajali, kuzama mitoni, watoto kuteleza chini ya magurudumu, bunduki kufyatuka zenyewe. Vita na wenyeji ndio filamu zinaonyesha masaa mawili mazima, lakini mwanahistoria John Unruh alihesabu kati ya 1840 na 1860 akapata walowezi 362 waliouawa na wenyeji njiani, na wenyeji 426 waliouawa na walowezi. Kwa watu laki kadhaa waliopita, hiyo ni namba ndogo. Hata yale magari kupangwa duara usiku kazi yake kubwa ilikuwa kuwa zizi, mifugo isipotee.

Kilichokuwepo zaidi kati yao ni biashara, na ilikuwa ya chakula na nguo. Washoshone na watu wengine wa mto Snake waliwauzia samaki aina ya salmoni wabichi na wa kukaushwa, na kwa watu waliokula bekoni miezi mitatu hiyo ilikuwa sikukuu. Walitaka nini badala yake? Mashati, ndoana, visu, shanga. Viatu vya walowezi vikishachanika, na vilichanika kwelikweli kwa kilomita zile, walinunua kwa wenyeji viatu vya ngozi laini, mokasini. Kuna watu walifika Oregon hakuna hata kiatu kimoja walichoondoka nacho. Upande wa pili wa biashara haukuwa mtamu hivyo, mifugo ya misafara ilimaliza majani kando ya Platte, nyati wakahama, na wale waliokuwa wanaishi kwa huyo nyati wakaanza kulala njaa kwenye nchi yao wenyewe.

Kuhusu vyakula vya bure, kulikuwa na vitu vya kufurahisha. Karibu na ule mwamba wa Independence Rock kuna ziwa lililokaukia magadi meupe, akina mama walichota na kuumulia mikate, wengine wakasema ni mazuri kama ya dukani, wengine wakasema mkate unatoka rangi ya kijani. Mbele kabisa huko Idaho kuna chemchemi zinaitwa Soda Springs, maji yanatoka ardhini yana gesi, watoto wakatia sukari wakanywa soda katikati ya pori miaka ya 1840. Matunda ya porini yakionekana kila mtu anakimbilia, na ilikuwa zaidi ya uroho maana bila kitu kibichi kiseyeye kinaanza, fizi zinavimba, meno yanalegea. Siki na matofaa makavu vilibebwa kwa ajili hiyohiyo, japo tofaa likishakaushwa linabaki na kinga kidogo sana.

Na pamoja na mahesabu yote hayo, watu walizidisha mzigo. Mwaka 1849 waliopita Fort Laramie, kituo cha njiani huko Wyoming, waliandika kwamba kando ya njia kuna marundo ya bekoni yametupwa, majiko ya chuma, makabati, vitabu, vinu, vitu ambavyo familia zilibishana wiki nzima kama vibebwe au vibaki. Milima ilikuwa inakaribia, maksai wamechoka, kinachotupwa ni kile kilichokuwa kizito, na jiko la chuma lilikuwa ndoto ya mama mwenye nyumba, likabaki nyikani.

Tuje kwenye nguo. Marcy alishauri sufu kuliko pamba, hata kiangazi, kwa sababu sufu ikilowa bado inakupa joto, na orodha yake ya mwanaume mmoja ni fupi kabisa: mashati 2 ya flaneli ya buluu au nyekundu, fulana 2 za sufu, nguo za ndani jozi 2, soksi za sufu jozi 4 na za pamba 2, leso za hariri 4, viatu imara jozi 2, kofia laini ya ukingo mpana, halafu sindano kubwa, uzi mgumu wa kitani, kipande cha nta, vifungo na subana ya kuvaa kidoleni wakati wa kushona, vyote ndani ya kamfuko. Hicho kamfuko ndio kilikuwa roho ya mambo. Nguo haikubadilishwa, ilishonwa na kushonwa tena, goti la suruali linatiwa kiraka cha turubai au ngozi, na wanaume waliokuwa hawajawahi kushika sindano maishani, hasa wale vijana wa dhahabu walioondoka bila wake, walijifunza haraka.

Wanawake walivaa gauni refu la pamba yenye maua madogo au la mchanganyiko wa kitani na sufu, rangi ya kahawia, kijivu au buluu iliyokolea ili uchafu usionekane, juu aproni, ndani sketi moja au mbili. Kichwani boneti yenye ukingo uliotangulia mbele, ukingo umetiwa vipande vya kadibodi au vibao vyembamba usimame, nyuma kitambaa kinashuka kufunika shingo. Ilikuwa inazuia jua vizuri ila huoni pembeni, kama unavuka barabara ya leo ungegongwa. Sketi ndefu zilikuwa taabu tupu, pindo linafagia vumbi na tope, linachanika kwenye miiba, linakaribia moto ambao uko chini ardhini wakati mpishi kainama juu yake, na upepo wa nyika unalipandisha, kuna waliotia vipande vya madini ya risasi kwenye pindo ili lisipeperuke.

Unaweza kuuliza kwa nini hawakuvaa suruali basi. Wapo waliojaribu. Mwaka 1851 lilitoka vazi la sketi fupi juu ya suruali pana, likapewa jina la Amelia Bloomer aliyelitangaza kwenye gazeti lake, na wanawake kadhaa wa misafara walilivaa na kulisifu. Wengi hawakuthubutu. Walikuwa wanaenda mahali ambapo hawajulikani, na heshima ya mwanamke ilikuwa imeshonwa kwenye hilo gauni. Pia sketi ilikuwa na kazi moja ambayo wanaume walioandika miongozo hawakuigusa: nyika haina mti wala kichaka, mwanamke akitaka kujisaidia wenzake wanasimama duara migongo yao kwake na kutandaza sketi, hilo ndio pazia.

Hapa kuna kitu kinachogusa pwani yetu moja kwa moja. Viwanda vya Massachusetts vilivyokuwa vinafuma vitambaa vya pamba kwa mashati, mifuko na mashuka ya Wamarekani ndio hivyohivyo vilivyokuwa vinaleta Zanzibar kile kitambaa cha pamba tulichokiita merikani. Mkataba wa Marekani na Sayyid Said ulisainiwa 1833, konsuli wao wa kwanza Richard Waters akafika 1837, meli za Salem zikawa zinashusha marobota ya merikani na kuondoka na pembe, ngozi na sandarusi. Kwa hiyo miaka ileile ambayo familia ya Missouri inakokotwa na maksai kuelekea Oregon, wapagazi wanatoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji wamebeba marobota ya merikani mabegani kama fedha ya safari. Na pamba yenyewe ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ndio maana vita ilipoanza 1861 merikani ikaadimika huku kwetu na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikapata nafasi.

Kufua sina mengi, maana walifua mara chache. Siku wakisimama kwenye mto wenye maji safi wanawake wote wanafua kwa mpigo, sabuni ya maji ya majivu na mafuta, maji ya magadi hayatoi povu, mikono inachubuka, nguo zinaanikwa juu ya vichaka na magurudumu. Kesho yake vumbi liko palepale.

Waliofika Oregon walifika mwanzoni mwa baridi, wamekonda, chakula kimekwisha, hakuna kilichopandwa. Wa kwanza waliwalisha waliofuata. Mfano maarufu ni George Washington Bush, mlowezi mweusi aliyeondoka Missouri 1844 na familia yake. Serikali ya muda ya Oregon mwaka huohuo ilipitisha sheria ya kuwafukuza watu weusi, kwa hiyo yeye na wenzake wakapanda kaskazini mpaka Puget Sound, karibu na Tumwater ya leo. Mwaka 1852 nafaka ilipokuwa haba na walanguzi wanamfuata kwa hela nzuri, alikataa kuwauzia, akawagawia wageni wapya wale na wapate mbegu. Sheria ya ardhi ya 1850 iliwapa mume na mke Wazungu ekari 640, nusu ikiwa kwa jina la mke, lakini Bush haikumhusu kwa rangi yake, ikabidi Bunge la Marekani lipitishe sheria maalumu 1855 kumwachia shamba alilolilima mwenyewe.

Wale wa nyumba za udongo hadithi yao ni nyingine. Sheria ya 1862 ilitoa ekari 160 kwa ada ndogo ukiishi na kulima miaka 5, na watu wakajaa kwenye nyika ileile ambayo wazazi wao waliipita mbio. Mti hakuna, kwa hiyo walikata ardhi yenyewe pamoja na mizizi ya majani, vipande kama matofali makubwa, ukuta unene wake futi 2 hata 3. Ndani kiangazi ni baridi, kipupwe ni joto, hapo hawajakosea kitu. Ila paa nalo ni la udongo, mvua ikinyesha siku moja ndani inanyesha siku tatu, mama anapika mtu mwingine kamshikia mwavuli juu ya sufuria, na nyoka anachungulia kutoka ukutani. Wenye uwezo walitandika kitambaa cheupe chini ya dari kudaka vumbi na wadudu wasiangukie kwenye chakula.

Chakula kikawa mahindi. Yaliota hata kwenye ardhi iliyopasuliwa kwa shoka tu, na waliyala kwa kila namna, uji mzito wa kijiko, uleule ukipoa unakatwa vipande na kukaangwa asubuhi, mkate wa mahindi, mahindi ya kuchoma, na magunzi yanawashia moto. Nyati walipokwisha walipikia mavi ya ng'ombe, na yakikosekana walisokota majani makavu yawe mafundo ya kutia jikoni, mtu mmoja anakaa kulisha jiko tu. Kahawa ikipanda bei walikaanga ngano au shayiri wakaita kahawa, na wote wakajifanya hawajui.

Mifuko ya unga ilishonwa nguo za ndani za watoto. Cherehani ya Singer ilipata hataza 1851 na tangu 1856 waliiuza kwa kulipa kidogokidogo, kwa hiyo hata familia ya nyumba ya udongo ingeweza kuwa nayo, na mwenye nayo alishonea majirani akalipwa mayai au siku za kulima. Suruali za jinzi zenye ribiti za shaba kwenye mifuko zilikuja baadaye, hataza ya Jacob Davis na Levi Strauss ni ya 20 Mei 1873, ukiona mlowezi wa 1849 kavaa jinzi kwenye picha ya kuchora ujue mchoraji kajiamulia.

Mwaka uliofuata, 1874, wakashuka nzige. Walifunika jua Kansas na Nebraska, wakala mahindi, wakala vitunguu mpaka ndani ya ardhi yakabaki mashimo. Wanawake wakakimbia kufunika bustani kwa mashuka na mablanketi ya viraka, nzige wakala mablanketi kwanza halafu bustani. Waliokuwa wameanika nguo walikuta matundu, hata mipini ya majembe iliyoshika chumvi ya jasho ilitafunwa. Baridi ilipoingia watu wengi hawakuwa na chakula wala cha kuvaa, na baridi hiyohiyo jeshi likafungua maghala yake likagawa makoti, mabuti na mablanketi yaliyobaki toka kwenye vita.